Hataza au Siri ya Kiwanda: Mtengeneza Sabuni Achague Lipi?

Nicolas Leblanc alipewa hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wake, nchini Ufaransa mwaka 1791. Alikuwa amegundua namna ya kutoa magadi kwenye chumvi ya kawaida, wakati ambapo wapika sabuni walitegemea majivu ya miti na ya mwani, malighafi ghali na isiyo na uhakika. Hataza ilikuwa ya miaka 15, lakini hakuila. Mfadhili wake, mwanamfalme wa Orléans, alikatwa kichwa mwaka 1793. Kiwanda kikatwaliwa na serikali ya mapinduzi, na njia nzima ikachapishwa ili kila mtu aitumie. Leblanc alijiua mwaka 1806. Magadi yake yalitajirisha watu wengine.

Joseph Lawrence, daktari wa Marekani, alikwenda njia nyingine. Fomula yake ya Listerine, ambayo mwanzoni ilikuwa dawa ya kuua vijidudu wakati wa upasuaji kabla haijawa ya kusukutua kinywa, hakuiombea hataza. Aliikabidhi kwa Jordan Lambert mwaka 1881 kama siri, kwa makubaliano ya mrabaha kwa kila kiasi kitakachouzwa. Miongo ikapita, fomula ikavuja na kuchapishwa, malipo yakaendelea. Waliorithi kampuni wakaenda mahakamani wakiuliza kwa nini walipie kitu ambacho dunia nzima inakijua. Hadi wakati huo walikuwa wamelipa zaidi ya dola milioni 22. Mwaka 1959 mahakama ya New York iliwajibu kwamba walikubali kulipa kadiri wanavyouza, basi walipe. Kwa hataza hali isingekuwa hivyo: Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1964, na ikarudia mwaka 2015, kwamba mrabaha wa hataza hauwezi kudaiwa hataza ikishaisha.

Mapinduzi hayatokei kila mwaka, na mkataba kama wa Lawrence ni nadra, kwa hiyo sisemi kwamba siri hushinda hataza. Ninachosema ni kwamba uamuzi huu unastahili kufikiriwa kabla ya kumwita wakili. Nimeona viwanda vikiomba hataza kwa sababu tu cheti kinapendeza ukutani, na vingine vikificha jambo ambalo mshindani yeyote mwenye maabara angelisoma kwa siku mbili. Vyote viwili vilipoteza.

Hataza ni mapatano na umma. Unaeleza uvumbuzi wako wote, kwa kina cha kumwezesha fundi mwenye ujuzi wa kawaida kuurudia, nawe unapewa haki ya kuwazuia wengine. Mkataba wa TRIPS wa haki za ubunifu, uliotumika tangu mwaka 1995 chini ya Shirika la Biashara Duniani, unataka haki hiyo isipungue miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha maombi. Siri haina ofisi, haina ada wala ukomo. Mkataba huohuo, katika kifungu cha 39, unailinda ikitimiza masharti matatu: isiwe jambo linalojulikana na walio katika fani, iwe na thamani kwa sababu haijulikani, na mwenyewe awe amechukua hatua za maana kuitunza. Lakini haimzuii mtu aliyegundua jambo lilelile kwa akili yake, wala aliyenunua bidhaa yako na kuichambua. Hapo ndipo penye uzito wote wa uchaguzi huu.

Je, bidhaa inajisema yenyewe?

Hili ndilo swali la kwanza, na kwa maoni yangu lina uzito kuliko mengine yote yakijumlishwa. Mshindani akiwa na kipande chako cha sabuni mezani, anaweza kujua ulichofanya?

Anaanza na karatasi ya kifungashio. Katika nchi nyingi sheria ya vipodozi inataka viambato vyote viandikwe kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo, na vile visivyofika asilimia 1 vinaweza kupangwa vyovyote. Mkemia mzoefu hutafuta mahali mpangilio unapoanza kuvurugika, akajua kwamba hapo ndipo kwenye mpaka wa asilimia 1. Kisha anaingia maabara. Kromatografia ya gesi, kipimo cha kutenganisha kemikali zilizochanganyika, itamwonyesha asidi za mafuta: asidi ya loriki ikiwa nyingi atajua kuna mafuta ya nazi au ya mise, asidi ya palmitiki ikizidi atajua kuna mawese. Hata manukato, ambayo kwenye karatasi huandikwa kwa neno moja tu la jumla, mashine itayafungua na kutoa orodha ndefu ya kemikali zake.

Yapo asiyoweza kuyaona. Hajui ni kiambato gani kilitangulia kuingia kwenye pipa, kwa joto gani, na kilikorogwa kwa muda gani. Sabuni inayotoka kupikwa ina maji yapatayo asilimia 30, na kabla ya kusagwa na kukamuliwa kuwa mche hukaushwa hadi asilimia 12 hivi. Katika safari hiyo, kasi ya kupoza na nguvu ya kukanda huamua jinsi fuwele za sabuni zinavyojipanga ndani ya kipande, na fuwele hizo huamua kama kitakuwa kigumu, kama kitapasuka kikikauka, kama kitatoa povu haraka au kwa kusuguliwa sana. Mpinzani anaweza kuona fuwele zako kwa vifaa vyake akakubali kwamba ni nzuri, na bado asijue ulizipataje.

Fikiria kiwanda kimoja cha kubuni. Kimevumbua mambo matatu kwa mwaka mmoja. La kwanza ni namna ya kupoza sabuni ili mche ukatwe baada ya saa chache badala ya kungoja siku nzima. La pili ni mchanganyiko wa viambato viwili vinavyojulikana unaoifanya sabuni ya maji ibaki nzito hata wakati wa joto, ilhali sabuni za kawaida zinazotiwa chumvi ili ziwe nzito hulegea chumvi ikizidi. La tatu ni kifuniko cha chupa kinachofunguka kwa kusukumwa na kopo la kujazia, bila kumwaga.

Kifuniko kinajisema chenyewe. Atakayekinunua atakikata kwa kisu na kuona kila kitu, kwa hiyo siri hapa haipo tangu siku ya kwanza sokoni. Mchanganyiko unajisema nusu: majina ya viambato yako kwenye karatasi na uwiano utapimwa maabara. Njia ya kupoza haijisemi hata kidogo. Kwa kipimo hiki kimoja, jibu limeshaanza kuonekana: kifuniko kiombewe hataza, njia ya kupoza ifungiwe ndani, na mchanganyiko ndio unaohitaji kufikiriwa zaidi.

Historia ya bidhaa hizi inakubaliana na kipimo hicho. Shampuu inayosafisha na kulainisha nywele kwa mara moja ilipata soko kubwa kupitia Pert Plus ya Procter & Gamble mwaka 1987, na hataza muhimu ya Marekani kuhusu kuning'iniza matone ya silikoni ndani ya shampuu ilitolewa mwaka 1988. Viambato hivyo vilikuwa vikiandikwa kwenye kila chupa, na kuvificha kusingewezekana. Hataza ndiyo iliyowapa miaka yao. Ilipoisha, shampuu za aina hiyo zikawa kila mahali, na ndivyo mapatano yalivyokusudiwa. Mche wa Dove ulioingia sokoni Marekani mwaka 1957 ulikingwa na hataza vivyo hivyo. Hauundwi kwa sabuni ya kawaida peke yake bali kwa kiosheo cha kutengenezwa ambacho kinatajwa wazi kwenye orodha ya viambato. Hataza zile zimekwisha zamani na wengine wanatengeneza miche ya namna hiyo. Jina limebaki.

Utamshika mwizi?

Watu hulisahau swali hili, nami nadhani ndilo linalofanya hataza nyingi za njia za utengenezaji zisiwe na meno. Hataza ya njia ya kupoza sabuni ingechapishwa, na kila kiwanda kingeisoma. Wangapi wangeitumia nyuma ya kuta zao bila leseni? Ungejuaje? Huna ruhusa ya kuingia kwao na kupima joto la mapipa. TRIPS inaruhusu mahakama kumtaka mshtakiwa aonyeshe kwamba ametumia njia tofauti, lakini kwa kawaida ni pale ambapo bidhaa yenyewe ni mpya, au pale unapoweza kuonyesha uwezekano mkubwa na kwamba umejitahidi ukashindwa kujua. Mche wa sabuni si bidhaa mpya. Ungekuwa umewafundisha washindani wako bure, ukilipa ada ya kila mwaka kwa kazi hiyo.

Hapo siri ina faida kubwa. Ila siri ina watu. Fundi anayejua joto la pipa anaweza kuacha kazi kesho. Mtu anayekuuzia mashine ya kupozea ameona jinsi ulivyoifunga, na kesho atafunga nyingine kwingine. Hatua za maana ambazo sheria inazitaka ni za kila siku na zinachosha: mkataba wa kutunza siri kwa mfanyakazi na kwa muuza mashine, namba za ndani badala ya majina ya viambato kwenye karatasi za uzalishaji, vipimo muhimu kujulikana na wachache, na kumbukumbu ya nani aliona nini. Kiwanda kisichoweza kufanya hayo kwa uaminifu hakina siri, hata kama hakuna mtu mwingine anayejua.

Na siku ya kesi utatakiwa uonyeshe ni kipi hasa kilikuwa siri. Olaplex, watengenezaji wa bidhaa za kutibu nywele zilizoharibiwa na dawa za kubadili rangi, waliishtaki L'Oréal wakidai kwamba mambo yao yalitumika baada ya mazungumzo ya kuuziana kampuni. Walidai hataza na siri kwa pamoja. Mwaka 2019 baraza la wazee wa mahakama huko Delaware liliwapa dola milioni 91. Mwaka 2021 mahakama ya rufaa iliutengua ushindi huo. Anayeingia kwenye mazungumzo ya namna hiyo ana sababu ya kuandika, kabla ya kikao, kila jambo analolionyesha na ambalo upande wa pili hajawahi kulijua.

Mchanganyiko wa vitu vinavyojulikana

Sasa lile jambo la pili, sabuni ya maji isiyolegea. Wengi wanaotengeneza sabuni na vipodozi huangukia hapa, kwa sababu ni nadra kwa kiwanda kuvumbua kemikali mpya kabisa. Wanachovumbua ni mchanganyiko.

Ofisi ya hataza itauliza mambo matatu: je, ni jipya popote duniani, je, mtu wa fani asingelifikia kwa urahisi, je, linatumika viwandani. La tatu ni jepesi, la pili ndilo linaloangusha maombi. Kuongeza shubiri kwenye sabuni ya nazi kwa sababu shubiri inajulikana kulainisha ngozi ni kujumlisha mambo mawili yanayojulikana na kupata jumla iliyotarajiwa. Mkaguzi atakataa, na atakuwa sahihi. Kinachompa mkaguzi sababu ya kukubali ni matokeo yasiyotarajiwa, yakiwa kwa namba: kiambato A peke yake kinatoa uzito huu, B peke yake huu, na vyote viwili kwa uwiano wa 3 kwa 1 vinatoa uzito ambao jumla yao isingetoa. Ukifika bila jedwali la majaribio, umefika mikono mitupu. Na majaribio yawe ndani ya maombi tangu siku ya kwanza, kwa kuwa jambo jipya haliruhusiwi kuongezwa baadaye.

Kwa mimea ya asili onyo ni kali zaidi. Ofisi ya Hataza ya Ulaya ilitoa mwaka 1994 hataza ya mafuta ya mwarobaini ya kuzuia ukungu kwenye mimea. Wapinzani walileta ushahidi kwamba wakulima wa India walikuwa wakiyatumia hivyo kabla, ikafutwa mwaka 2000, na rufaa ikakataliwa mwaka 2005. Marekani ilitoa hataza ya manjano ya kuponya vidonda mwaka 1995, na mwaka 1997 ikafutwa baada ya baraza la utafiti la India kuleta maandishi ya kale. Mwarobaini na manjano vimo kwenye sabuni nyingi za kuogea. Anayetaka hataza juu ya matumizi ambayo bibi yake aliyajua atapoteza pesa yake, na sioni haya kusema kwamba anastahili kuipoteza.

Kuna tofauti nyingine ndogo yenye madhara makubwa. Ulaya haitoi hataza kwa njia ya kutibu mwili wa binadamu, lakini matumizi ya kuremba yanaruhusiwa. Kwa dawa ya meno au shampuu ya mba mstari huo ni mwembamba sana, na sentensi moja ya mbwembwe kwenye maombi, ya "kutibu" pale ambapo "kusafisha" ingetosha, inaweza kuligeuza dai lote. Viambato vyenyewe vinaweza kudaiwa bila tatizo; shida iko kwenye njia.

Kwa mchanganyiko wetu, basi, uamuzi wangu ungetegemea jedwali. Likionyesha jambo la kushangaza, hataza, kwa kuwa uwiano utapimwa na washindani ndani ya mwaka mmoja. Lisipoonyesha, nisingepoteza ada: ningeuza haraka, nikategemea jina, na kufunga kimya kimya ule mpangilio wa kuvitia viambato, ambao maabara ya mwingine haitauona. Hataza na siri zinaweza kukaa ndani ya chupa moja, mradi usifiche ndani ya siri kile ambacho mapatano yanakutaka ukieleze. Marekani waombaji walikuwa wakinyang'anywa hataza kwa kuficha njia bora waliyoijua. Tangu sheria ya mwaka 2011 kosa hilo halitumiki tena kuifuta hataza, ila wajibu wa kueleza upo palepale.

Kusoma kilichoombewa na wengine

Kabla ya kuchagua, inafaa kujua majirani wamejenga wapi. Hifadhi za hataza za mtandaoni, Espacenet na Patentscope, hazilipiwi, na hataza hupangwa kwa alama za kimataifa. C11D ni sabuni na viosheo. A61K 8 ni vipodozi kwa viambato vyake, A61Q ni vipodozi kwa kazi yake: A61Q 5 nywele, A61Q 11 meno, A61Q 19 ngozi. B65D ni vifungashio. Andika alama pamoja na jina la mtengenezaji, uone.

Wengi hukosea hapa kwa kuhesabu. Wanaona kampuni fulani ina maombi 300 na nyingine 20, wakahitimisha kwamba ya kwanza ndiyo ya kuogopwa. Lakini uvumbuzi mmoja unaoombewa nchi 15 huonekana mara 15, kwa hiyo hesabu familia, yaani uvumbuzi mmoja pamoja na maombi yake yote, si karatasi. Maombi si hataza. Mengi hukataliwa au huachwa. Na hataza iliyotolewa hufa ada ya mwaka isipolipwa, jambo ambalo kampuni kubwa hulifanya kwa makusudi zikisafisha ghala lao. Kampuni ya maombi 300 inaweza kuwa na hataza hai 10 tu, na ile ya 20 ikawa na 15. Ninachotazama mimi ni zipi bado zinalipiwa baada ya mwaka wa 10, kwa sababu ada huongezeka kadiri hataza inavyozeeka, na hakuna anayelipia kitu kisichompa faida. Hizo ndizo zinazokuonyesha bidhaa wanayoitegemea.

Soma madai, yaani sehemu inayotaja hasa kinacholindwa, usiishie kwenye muhtasari. Muhtasari hupamba, madai ndiyo uzio wenyewe. Dai la "asilimia 5 hadi 20" halikuhusu ukitumia 3, isipokuwa mahakama ione kwamba ni kitu kilekile kwa vitendo. Na kumbuka kwamba maombi huchapishwa baada ya miezi 18, hivyo daima kuna mwaka mmoja na nusu usiouona. Hataza zilizokufa nazo ni hazina: zina vipimo, joto na majedwali, na mtu yeyote anaweza kuzitumia bure. William Sheppard wa New York alipata hataza ya sabuni ya majimaji tarehe 22 Agosti 1865, namba 49,561, na mafundisho yake yamekuwa ya wote kwa zaidi ya karne.

Mahali ambapo hataza wala siri hazifiki

Sheppard ananipeleka kwenye Softsoap. Mwaka 1980 kampuni ndogo ya Minnetonka ilianza kuuza sabuni ya maji ya mikono kwenye chupa ya pampu kote Marekani. Hakukuwa na cha kuombea hataza: sabuni ya maji ilikuwa ya zamani, na pampu vilevile. Robert Taylor, mwanzilishi wake, alijua makampuni makubwa yangemuiga mara tu yakiona inauzika. Akaagiza pampu milioni 100 kwa dola milioni 12, karibu uwezo wote wa watengenezaji wawili waliokuwapo, na wakubwa wakabaki na sabuni isiyo na pampu kwa muda wa kutosha yeye kulijenga jina. Colgate-Palmolive waliinunua bidhaa hiyo mwaka 1987. Siwezi kumshauri kila mtu aweke rehani kampuni yake kwenye pampu, lakini mfano huu unafaa kwa anayedhani kwamba bila cheti hana kinga.

Jina ni kinga ambayo viwanda vidogo huiacha mwisho, na ni kosa. William Lever alisajili jina Sunlight mwaka 1884, kabla hata hajawa na kiwanda chake cha sabuni. Mwanzoni wengine walimtengenezea. Hataza yoyote ya mwaka ule ingekuwa imekufa kitambo. Alama ya biashara hufanywa upya, katika nchi nyingi kila baada ya miaka 10, bila kikomo mradi inatumika. Sabuni na vipodozi viko kwenye daraja la 3 la mpangilio wa kimataifa wa Nice.

Harufu ina hali mbaya kuliko yote. Haifichiki kwa mashine, na hataza humlinda mwenye kemikali mpya ya manukato lakini mara chache mwenye mchanganyiko mzuri wa zilizopo. Juni 2006, ndani ya wiki moja, mahakama kuu ya Ufaransa ilisema manukato si kazi ya sanaa inayopata hakimiliki, na mahakama kuu ya Uholanzi ikasema inaweza kupata. Anayejenga bidhaa juu ya harufu peke yake ajue hivyo.

Umbo la chupa au la mche linasajiliwa kwa haraka na kwa gharama ndogo kuliko hataza, na katika Umoja wa Ulaya kinga yake hufika miaka 25. Inalinda sura, hailindi kazi. Kifuniko chetu kinachofunguka kwa kusukumwa kinahitaji kinga ya kazi yake: ama hataza kamili, ama ile hataza ndogo ya miaka michache ambayo baadhi ya nchi hutoa bila uchunguzi mrefu. Ujerumani na China zinaitoa kwa miaka 10. China inaihusisha na umbo na muundo tu, kwa hiyo fomula ya sabuni haiingii; Ujerumani haiitoi kwa njia za utengenezaji. Kwa kifuniko inafaa kote kuwili. Leonard Marraffino alifanya hivyo kwa hataza kamili: kifaa chake cha kutoa dawa ya meno yenye mistari kilipata hataza ya Marekani mwaka 1957, na mwaka uliofuata Lever Brothers wakaitumia kuuza dawa ya meno iliyoitwa Stripe. Mistari hiyo ilikuwa kazi ya mdomo wa tyubu.

Tarehe

Kiwanda chetu kina maonyesho ya biashara baada ya miezi minne, na hapo ndipo mambo huharibika. Ulaya na nchi nyingi, ukionyesha uvumbuzi hadharani kabla ya kuwasilisha maombi, umejinyima hataza kwa mkono wako. Marekani inakupa mwaka mmoja. Lakini Marekani ina mtego wake: Mahakama Kuu iliamua Januari 2019 kwamba hata mauzo ya siri yanahesabika, hivyo huwezi kuuza kwa miaka mitano ukitumia njia iliyofichwa kisha ukaiombea hataza. Anayechagua siri kule amechagua moja kwa moja.

Ukishawasilisha ombi la kwanza, Mkataba wa Paris wa mwaka 1883 unakupa miezi 12 ya kuomba kwingine ukihesabiwa tarehe ileile, na miezi 6 kwa umbo na alama. Njia ya kimataifa ya PCT, mkataba wa kuomba hataza katika nchi nyingi kwa ombi moja, husogeza gharama kubwa, za tafsiri na za mawakili wa kila nchi, hadi mwezi wa 30. Itumie miezi hiyo kuuza na kuona. Bidhaa isipotoka, acha ombi life kabla halijakumaliza.

Kwa njia ya kupoza iliyofichwa kuna hofu moja iliyobaki: mwingine aigundue na kuiombea hataza. Nchi nyingi, Ujerumani na Marekani zikiwemo, humruhusu aliyekuwa akiitumia tayari aendelee, kwa masharti. Marekani inataka awe ameitumia kibiashara kwa angalau mwaka mmoja kabla. Lakini ni yeye wa kuonyesha. Daftari la maabara lenye tarehe na sahihi, karatasi za kila mpiko, ankara ya mashine, vyote vikae mahali pamoja.

Kwa hiyo wiki hii kifuniko kinakwenda kwa wakili kwanza, michoro ikiwa kamili. Jina la sabuni ya maji linasajiliwa. Maabara inamaliza jedwali la mchanganyiko mwezi ujao, na likitoka zuri ombi linaingia kabla ya chupa yoyote kupelekwa kwenye maonyesho. Mlango wa chumba cha kupozea unafungwa, na mafundi wawili wanaoujua mpangilio wa joto wanaletewa mikataba yao leo.